Tiba ya mazungumzo kwa wenye sonona na maumivu sugu ya mgongo

MAUMIVU ya mgongo yanayodumu zaidi ya miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu, na mara nyingi hayaji peke yake. Mgonjwa hukosa usingizi, huacha kazi, hujitenga na hatimaye huweza kupata sonona. Nayo sonona humzidishia maumivu.

Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno, ukitaja tiba ya kisaikolojia pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa.

Tiba ijulikanayo zaidi ni ya kurekebisha fikra na mwenendo, ambayo mwasisi wake mmoja ni daktari wa Marekani, Aaron Beck, katika miaka ya 1960. Mgonjwa hufundishwa kuitambua fikra kama “nikiinama nitapooza”, kuipima kwa ukweli, kisha kurejea shughuli zake hatua kwa hatua.

Kupelekwa kwa mwanasaikolojia hakumaanishi kwamba maumivu ni ya kubuni. Hata hivyo, anayepata ganzi sehemu za siri, anayeshindwa ghafla kuzuia mkojo au anayewaza kujiua hana budi kuwahi hospitali mara moja.