Soko la Kariakoo na Baraza Lililoliamua

Leo twapenda kusimulia habari za soko. Sote twalijua soko tangu utoto, maana ndiko mama zetu walikopeleka maharage wakarudi na chumvi. Lakini ni wachache wetu waliopata kuuliza: Ni nani aliyeamua soko liwe mahali pale, na liwe na paa au lisiwe nalo? Tutajibu kwa habari za soko moja lenye sifa kuu katika nchi yetu, yaani Kariakoo ya Dar es Salaam.

Jina lenyewe latugusa sisi watu wa mpakani. Mwaka 1914 Wadachi walijenga jumba kubwa mahali hapo, mara vita vikaingia. Septemba 1916 Waingereza wakautwaa mji, na mahali pale pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa kwa lugha yao Carrier Corps. Waswahili wakalitamka jina hilo kwa namna yao, likawa Kariakoo. Wapagazi hao walichukua risasi na vyakula vichwani mwao, na makumi ya maelfu wakafa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Na vita hivyo vilikwisha karibu na mlango wetu: Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alivuka mpaka, akaishambulia Fife iliyo ng'ambo ya Tunduma, kisha akaweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala.

Baada ya vita jumba lile likawa soko. Mji nao ukakua. Mwaka 1949 ukapewa baraza la manispaa. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule mshairi, akawa Meya wa kwanza Mwafrika. Na Desemba 1961 mji ukaitwa Jiji. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikuta watu kama 129,000, na ile ya mwaka 1967 ikakuta zaidi ya 270,000. Ukizidisha walaji mara mbili kwa miaka 10, soko la zamani halitoshi, hata ukilipaka chokaa kila mwaka. Basi Serikali na Baraza la Jiji wakaamua lijengwe soko jipya mahali pale pale.

Aliyelichora ni Mtanzania, Bwana Beda Amuli, naye hakuiga majumba ya Ulaya. Alitazama jinsi watu wetu wauzavyo vitu vyao chini ya miti, akasimamisha nguzo kubwa za saruji zilizopanuka juu kama miamvuli iliyogeuzwa. Mvua inyeshapo, maji hukusanywa na miamvuli hiyo, hushuka ndani ya nguzo na kuingia katika tangi lililo chini ya ardhi. Chini kuna ghorofa ya shimoni kwa wauzao kwa jumla, na juu kuna wauzao rejareja. Katika mafunzo ya ualimu huwaonyesha wanafunzi wetu picha ya paa lile, nao hubishana sana kama ni mti au ni mwamvuli. Sisi twaona ni mti.

Sasa sikilizeni ajabu ya mambo. Mwaka 1972 Serikali ilileta mpango wa Madaraka Mikoani. Mabaraza ya wilaya yakavunjwa, na yale ya miji yakafuata muda mfupi baadaye. Kazi zao zikashikwa na maofisa wa Serikali. Soko lilikuwa bado halijakwisha. Mwaka 1974 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Shirika la Masoko ya Kariakoo, na Desemba 1975 Mwalimu Nyerere akalifungua soko. Baraza lililoshiriki kuliamua halikuwako tena kuliona.

Jengo lilisimama, lakini mji haukuwa jengo moja tu. Takataka zilirundikana, mifereji ikaziba, na kipindupindu kikazuka mwishoni mwa miaka ile ya 1970. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa kwa sheria. Sisi wa mashamba tulingoja zaidi: mabaraza ya wilaya, likiwamo la Mbozi, yalirudi kazini mwaka 1984. Hayo ni miaka 12 pasipo diwani wa kuulizwa habari za kisima.

Baraza la Dar es Salaam lilivunjwa tena mwaka 1996, na mara nyingine Februari 2021. Tarehe 10 Julai mwaka huo huo moto ukaliunguza soko la Bwana Amuli, na Serikali ikaamua likarabatiwe, na jipya lijengwe kando yake.

Kwetu, mambo ya soko la kijiji na ushuru wa mazao hupelekwa Vwawa, katika kikao cha madiwani. Kikao hicho ni cha hadhara, na kila mtu aweza kuingia na kusikiliza. Siku moja tuliwachukua wanafunzi wetu wakaone kikao cha namna hiyo. Tuliketi popote tulipopenda, maana viti vya wasikilizaji vilikuwa vitupu.