Uchunguzi wa Nini, Nami Siumwi?

Neno "uchunguzi" limebebeshwa kazi nyingi. Polisi wana uchunguzi wao, Mkemia Mkuu wa Serikali ana wake, na tume inayoundwa baada ya ajali nayo ina wake. Kote huko hakuna anayechunguza mpaka jambo liwe limeshatokea. Basi kipeperushi kikimtaka mama wa miaka 35, mzima wa afya, afike kliniki kwa "uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi", ana haki ya kuuliza: nichunguzwe nini, nami siumwi?

Jambo lenyewe, ambalo wahudumu wakiwa wao kwa wao huliita skriningi, linakwenda kinyume na mazoea hayo. Ni kumpima asiye na dalili yoyote, ili kati ya wazima wengi wapatikane wachache wa kuangaliwa zaidi. Vigezo vya Wilson na Jungner, vilivyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, vinataka ugonjwa unaopimwa hivyo uwe na kipindi cha kujificha, na tiba yake iwepo. Saratani ya mlango wa kizazi inatimiza masharti hayo vizuri. Virusi vya HPV huwapata wanawake wengi, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vinapong'ang'ania, hubadili seli taratibu. Kwa mwenye kinga ya kawaida, safari ya kutoka hapo hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Huo ndio muda ambao mama hana maumivu wala damu isiyo ya kawaida, na ndio muda anaotakiwa kliniki.

Istilahi ipi basi ibebe maana hiyo? "Upimaji" ungefaa, ila "kupima" kumeshachukuliwa na UKIMWI: mtu akisema tu kwamba amepima, wengi hawaulizi amepima nini. "Mchujo" una picha nzuri ya chekeche, unapitisha walio wengi na kubakiza wachache wa kutazamwa tena. Lakini tumeuzoea kwenye mpira na kura za maoni, na huko anayechujwa ndiye aliyeshindwa. Nani atataka kuchujwa na daktari? Vipeperushi vingi vimetulia kwenye "uchunguzi wa awali", na mimi nakubaliana navyo, kwa sababu neno hilo linaacha nafasi ya "uchunguzi wa kina" kufuata. Anayeambiwa arudi kwa uchunguzi wa kina anaelewa kwamba ule wa kwanza haukuwa hukumu.

Balaa ni pale "awali" inapohamia kwenye majibu. Tazama kinachofanyika chumbani. Muuguzi anapaka siki ya kitabibu kwenye mlango wa kizazi kwa pamba, anangoja kama dakika moja, kisha anaangalia kwa macho na taa. Baka jeupe lenye kingo zinazoonekana wazi linaashiria kwamba huenda seli zimebadilika. Lakini mama anaambiwa, na magazeti nayo huandika, kwamba "amekutwa na dalili za awali za saratani". Katika Kiswahili cha kila siku, dalili za awali za malaria ni malaria yenyewe iliyoanza. Msomaji hana sababu ya kuelewa vingine, na anatoka pale akijihesabu mgonjwa wa saratani. Tena ugonjwa wenyewe una jina lenye "kizazi" ndani yake, kwa hiyo wazo linalofuata ni kutolewa kizazi. Kumbe anachohitaji mara nyingi ni tiba mgando au tiba ya joto, inayofanyika hapohapo kwa muda mfupi, na mfuko wa uzazi hauguswi. Ningefuta "dalili za awali" katika kila karatasi na kuandika: "mabadiliko ambayo si saratani, lakini yakiachwa yanaweza kuwa saratani". Ni ndefu, lakini haimdanganyi mtu.

Urefu, kwanza, hautupi shida kama wengi wanavyodhani. Kipimo cha Flesch cha mwaka 1948, kinachotumika sana kukadiria ugumu wa maandishi ya Kiingereza, kinahesabu silabi za kila neno na maneno ya kila sentensi. Ukikileta kwetu, "nitakapokuja" lenye silabi sita litahesabiwa gumu, na mtoto wa chekechea analielewa. "Hasi", lenye mbili tu, litapita kama jepesi, nalo ni mwenzake wa "chanya", jozi ya hisabati iliyohamishiwa maabara. Kwenye semina na redioni chanya ni sifa: fikra chanya, mabadiliko chanya. Kliniki, majibu chanya ndiyo yenye habari ya kutia wasiwasi. Sijui kwa nini tunavumilia hili, wakati "kuna mabadiliko yameonekana" na "hakuna mabadiliko yaliyoonekana" yanatosha kabisa.

Ugumu wa kipeperushi cha Kiswahili hupimwa kwa kumpa msomaji, kisha kumwomba aeleze kwa maneno yake atakachofanya. Kumwuliza "umeelewa?" hakusaidii, kwa heshima tu atajibu ndiyo, hasa mbele ya koti jeupe. Swali liwe hivi: "Mama, ukifika nyumbani, shemeji akikuuliza umeambiwa nini, utamjibuje?" Akijibu kwamba ameambiwa ana saratani, karatasi irudi kwa mwandishi. Na akijibu kwamba ameambiwa yuko salama moja kwa moja, irudi vilevile, kwa kuwa majibu mazuri ya leo yana ukomo. Kwa kipimo cha HPV, kinachotafuta virusi vyenyewe badala ya kutumia siki, Shirika la Afya Duniani linashauri kurudia kila baada ya miaka 5 hadi 10 kuanzia umri wa miaka 30. Kwa anayeishi na VVU, kila baada ya miaka 3 hadi 5 kuanzia miaka 25. Tarehe ya kurudi iandikwe kwa kalamu juu ya kadi yake, mwaka kamili.