Damu ya Watoto wa West Nile

Oktoba 1961 gari kuukuu aina ya Ford liliondoka Kampala na madaktari watatu: Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva, kusini ya Arua, na Cliff Nelson, naye daktari wa misheni. Kwa wiki kumi walipita hospitali hadi hospitali mpaka Afrika Kusini, wakionyesha picha za watoto waliovimba mataya na kuuliza kama uvimbe huo wa saratani unajulikana huko. Ulijulikana nchi za joto na mvua; nyanda za juu zenye baridi haukuonekana.

Burkitt aliishi kwa kisu, lakini kwa uvimbe huu kisu hakikufaa kitu. Aligeukia dawa, na watoto wengine wakapona kabisa.

Mwaka 1964, London, watafiti Epstein, Achong na Barr walikuta kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Je, kilitangulia ugonjwa, au kiliufuata? Jibu lilihitaji damu iliyotolewa kabla mtoto hajaugua. Kati ya 1972 na 1974, watoto wapatao 42,000 wa West Nile, eneo la Arua na Koboko, walitolewa damu, ikagandishwa, watafiti wakangoja. Matokeo yalichapishwa 1978: wenye kinga nyingi mno dhidi ya kirusi hicho walikuwa na hatari ya kupata uvimbe huo kama mara 30 kuliko wengine. Kina mama waliokubali wana wao wachomwe sindano wangali wazima wanastahili heshima sawa na madaktari.

Taiwan nako wanaume 22,707 walifuatiliwa vivyo hivyo. Mwaka 1981 ilibainika kwamba wenye kirusi cha homa ya ini B hupata saratani ya ini mara zaidi ya 200 kuliko wasio nacho. Habari hiyo inawahusu sana watu wa Arua na Koboko: uchunguzi wa 2005 ulikuta kirusi hicho kwa Mganda mmoja kati ya kumi, na kaskazini karibu mmoja kati ya watano.

Kirusi hicho huweza kuliachia ini makovu, na ini lenye makovu mara nyingi halihimili upasuaji wa saratani. Hapo daktari, akitazama ultrasaundi, huweza kupenyeza sindano ndefu hadi kwenye uvimbe na kuuchoma kwa umeme, joto likipita nyuzi 60. Tiba hii hufaulu zaidi uvimbe usipozidi sentimita 3, na uvimbe mdogo hivyo kwa kawaida hauumi, kwa hiyo ni lazima utafutwe. Chanjo ya watoto wachanga ilianza Uganda 2002. Aliyezaliwa kabla yake apimwe damu. Akikutwa na kirusi, ini lake litazamwe kila miezi sita.