Slipu Ikikatika: Historia Fupi ya Bima ya Mstaafu wa Bungoma

Historia ya bima ya afya Kenya ni historia ya karatasi moja: slipu ya mshahara. Ukiwa nayo, serikali inajua uko wapi na unapata ngapi, na inakata fungu lake kabla pesa hazijakufikia. Siku unapostaafu, slipu inakatika. Na ndipo presha, sukari na magoti yanapoanza kudai haki yao. Ukitaka kuelewa kwa nini wazee wa Bungoma na Kitale bado wanapiga hesabu ya bima kila mwisho wa mwezi, anzia hapo.

Enzi za ukoloni, bima ilikuwa na rangi. Miaka ya 1950 Wazungu walikuwa na mfuko wao wa hospitali, nao walowezi wa mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia hawakuwa na haja ya kumuuzia mtu ng'ombe ili walazwe. Mwafrika aliyewalimia alibaki na zahanati, hospitali ya misheni au mganga wa kwao.

Uhuru ukaja na ahadi ya matibabu ya bure, na mwaka 1965 serikali ikafuta ada ya shilingi 5 waliyotozwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka uliofuata Bunge likaanzisha NHIF. Aliyelipwa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi alikatwa shilingi 20. Inaonekana pesa ndogo leo, lakini mwaka 1966 mshahara wa elfu moja ulikuwa wa wachache. Mkulima wa Kimilili hakuwemo, wala mama wa mboga wa Chwele. Bima ilizaliwa ikiwa ya watu wa ofisi.

Mwaka 1972 sheria iliruhusu wasioajiriwa kujiunga kwa hiari. Kisheria, mlango ulikuwa wazi. Ila hiari maana yake ni kujipeleka mwenyewe, kupiga foleni, na kutoa pesa mfukoni ukiwa mzima kwa ajili ya ugonjwa ambao haujafika. Na kwa nini ujisumbue wakati hospitali ya serikali haikudai kitu?

Jibu lilikuja Desemba 1989. Chini ya sera za kubana matumizi zilizosukumwa na Benki ya Dunia na IMF, wagonjwa walitakiwa kuchangia gharama. Ada zilisitishwa mwaka 1990, zikarudi muda si mrefu baadaye. Mwaka huo huo wa 1990 makato ya NHIF yaliacha kuwa shilingi 20 kwa wote, yakawa kati ya 30 na 320 kulingana na mshahara. Tangu hapo, kuugua uzeeni bila kadi kukawa jambo la kuogopesha.

Sasa tuseme ukweli: hata mwenye kadi alihitaji kadi ya pili. Kwa Wabukusu, kadi hiyo ilikuwa na kwato nne. Ng'ombe alilipa mahari, alihudumia tohara, alisimamia matanga. Hospitali nayo ikaingia kwenye orodha. Kama bima, ng'ombe ana sifa zake. Anazaa, anatoa maziwa, na hakuulizi umri wala ugonjwa uliokuwa nao zamani. Tatizo ni kwamba mnunuzi sokoni akijua una mgonjwa wodini, bei inashuka. Halafu kuna magonjwa yasiyoisha. Katika viwango vya kuanzia vya SHA, kikao kimoja cha kusafisha figo kilipangiwa shilingi 10,650. Vikao viwili kwa wiki ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Hakuna zizi la kawaida litakalostahimili hesabu hiyo.

Kadi ya tatu ilikuwa harambee, na baada ya M-Pesa kuja mwaka 2007, harambee ilihamia kwenye simu. Unaijua: kundi la WhatsApp linaundwa saa nne usiku, jina lake ni la mzee fulani, na kufikia asubuhi kuna mweka hazina na orodha ya waliotuma. Inafanya kazi mara ya kwanza. Mara ya tatu, watu wanaanza kutoka kimyakimya.

Mtu asidhani slipu hukatika kwa umri pekee. Mwaka 2009 kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilifungwa, na Webuye, mji uliojengwa kuzunguka kiwanda hicho, ukaonja kustaafu kwa pamoja na kabla ya wakati. Mwaka huo huo serikali iliwaongezea watumishi wake umri wa kustaafu, kutoka miaka 55 hadi 60. Wengine waliongezewa miaka mitano ya makato, wengine wakapoteza yote.

Serikali ilijaribu kumfikia asiye na slipu. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya kila Mkenya, uliosukumwa na waziri wa afya Charity Ngilu, lakini Rais Kibaki hakuutia sahihi. Mwaka 2015 NHIF iliongeza huduma kwa wagonjwa wasiolazwa, na mchango wa hiari ukapanda kutoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi. Wazee walilalamika, ila walilipa kwa mwezi, kidogo kidogo, kama wanavyonunua sukari.

Kisha ikaja SHA. Sheria yake ilitiwa sahihi Oktoba 2023, ikapigwa mweleka Mahakama Kuu Julai 2024, ikanusurika kwenye rufaa, na kazi ikaanza Oktoba 1, 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mwajiri huulizwa maswali kuhusu nyumba, choo na mifugo, kisha mfumo unakadiria mchango wake. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hulipwa kwa mwaka mzima.

Wacha tupige hesabu. NHIF ya hiari ilikuwa 6,000 kwa mwaka, kwa vipande kumi na viwili. SHA ya chini kabisa ni 3,600, kwa mkupuo. Kwa karatasi ni nafuu. Mfukoni, mzee anayepokea shilingi 2,000 za Inua Jamii anatakiwa kuweka kando karibu miezi miwili ya pesa hizo. Ndiyo maana mwaka 2025 serikali ilileta mkopo wa Lipa SHA Pole Pole. Na kuna mtego mwingine: mstaafu aliyetumia kiinua mgongo chake kujenga nyumba ya matofali anaweza kuonekana tajiri mbele ya maswali yale, hata kama jikoni hakuna kitu. Uzuri ni kwamba huduma za msingi kwenye zahanati na kituo cha afya hazihitaji mchango, kujisajili tu kunatosha.

Basi si achukue bima binafsi juu ya hiyo? Hapo ndipo ujana una thamani. Kampuni nyingi hazipokei mteja mpya aliyepita miaka 60 au 65. Zenye mpango wa wazee hutoza makumi ya maelfu kwa mwaka, bei hupanda na umri, na ugonjwa uliokuwepo husubirishwa, mara nyingi mwaka mzima. Kabla ya kulipa, uliza mambo manne: mwisho wa umri ni upi, ugonjwa wa zamani unasubiri muda gani, kikomo cha kulazwa ni ngapi, na je, hospitali iliyo karibu na mzee inapokea kadi hiyo? Kadi inayokubalika Nairobi na Eldoret pekee si msaada kwa mtu aliyeanguka saa sita usiku huko Sirisia.

Kwa familia nyingi, jibu la busara ni mchanganyiko: SHA iliyolipwa kikamilifu kwanza, kisha akiba ya ndugu wote inayochangwa kila mwezi kabla mtu hajaugua, na bima binafsi ya kulazwa tu kama umri bado unaruhusu. Kwa wewe uliye kazini, tangu Desemba 2024 sheria inakupunguzia kodi kwa mchango wa hadi shilingi 15,000 kwa mwezi unaoweka kwenye mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu. Wachache wanaoutumia huo mlango.

Kwa zaidi ya nusu karne nchi imebadilisha majina, viwango na kadi, lakini pengo lililobaki baada ya slipu kukatika limezibwa na mtu yuleyule: mtoto aliyeenda mjini. Mama na kukhu hawakuhitaji kusema. Bima yao ya ziada ni wewe, iwe ulitia sahihi au hukutia. Tofauti ni kama utalipa kila mwezi ukijua unachonunua, au utalipa usiku mmoja, kwa bei ya ng'ombe wa mgonjwa.