Namba Tasa na Zao Lake: Juu ya Dai Moja la Mersenne

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alitangaza orodha ya vipeo visivyozidi 257 ambavyo, 2 ikipandishwa kwa kimojawapo kisha ikatolewa 1, hupatikana namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kimoja cha vipeo hivyo ni 67. Namba itokayo hapo ina tarakimu 21: 147,573,952,589,676,412,927. Uthibitisho hakuutoa, na dai lake lilidumu zaidi ya karne mbili.

Aliyelivunja ni Édouard Lucas, Mfaransa vilevile. Mwaka 1876 alithibitisha kwamba namba hiyo si tasa, wala hakutaja kigawo chake hata kimoja. Jambo hili huwashangaza wasiozoea hisabati, kwani ni mfano wa kadhi athibitishaye kuwa mali imeibiwa pasipo kumjua mwizi. Lucas alichunguza masalio ya mfuatano maalumu wa namba, na masalio hayo yakamtosha.

Vigawo vilipatikana mwaka 1903. Mwezi wa Oktoba, mbele ya Chama cha Hisabati cha Marekani, Frank Nelson Cole alionyesha kwamba 193,707,721 mara 761,838,257,287 ni namba ileile. Husimuliwa kuwa alikokotoa ubaoni pasipo kutamka neno, akaketi, akapigiwa makofi. Na kwamba baadaye alieleza kuwa kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Masimulizi haya tunayapata kwa E. T. Bell, aliyeyaandika karibu nusu karne baadaye, na yafaa yapokewe kwa hadhari. Ushahidi ulio bora ni makala ya Cole mwenyewe, iliyochapishwa mwaka uleule: humo twaona alivyotumia masalio ya miraba kuziondoa namba nyingi zisizoweza kuwa vigawo. Kama Jumapili hizo zilikuwapo, basi hazikupotea kwa kubahatisha.

Kwetu sisi wa lugha, liko swali jingine. Tasa ni mwanamke au mnyama asiyezaa. Wagiriki waliziita namba hizi za kwanza, na Waarabu nao huziita za awali, maana kutokana nazo hupatikana nyingine zote kwa kuzidisha. Kiswahili kilipokea shufwa na witiri kutoka Kiarabu, lakini hapa kikashika njia yake. Mtetezi wa istilahi hii atasema kwamba namba isiyogawanyika haina wa kumtoa. Hoja hiyo naiona dhaifu, kwani kugawanya ni kuirudisha namba kwa wazazi wake. Kisichokuwapo hapa ni wazazi, si watoto. Tena hisabati yetu hiyohiyo huliita jawabu la kuzidisha zao, neno litokanalo na kitenzi -zaa. Kwa hiyo vigawo viwili vya Cole, ambavyo vyote ni tasa, vina zao la tarakimu 21.