Dawa Ilivyoanza Kupimwa kwa Mgonjwa Mwenyewe

Famakolojia ya kitabibu huchunguza dawa ikiwa ndani ya mwili wa binadamu: dozi inayofaa, muda inaokaa, nafuu inayoleta na madhara yake. Jina hilo ni la karne ya 20, ila kazi yenyewe ni ya zamani zaidi. Mwaka 1775 daktari Mwingereza William Withering aliombwa maoni kuhusu dawa ya siri ya bibi mmoja wa Shropshire, aliyewatibu watu waliovimba mwili kwa kujaa maji. Ilikuwa mchanganyiko wa mitishamba ipatayo 20, na Withering alitambua kuwa nguvu yake imo katika majani ya digitali. Kwa miaka 10 aliwapa wagonjwa majani hayo huku akirekebisha dozi, mpaka akapata kanuni: mgonjwa aendelee hadi mkojo uongezeke, mapigo ya moyo yapungue au tumbo lichafuke, kisha aache. Kitabu chake cha 1785 kiliwaandika waliopona na wasiopona. Uaminifu huo una uzito kuliko hata ugunduzi wa mmea.

Karne ya 19 iliipeleka kazi maabarani. Rudolf Buchheim alianzisha maabara ya famakolojia huko Dorpat mwaka 1847, na mwanafunzi wake Oswald Schmiedeberg akaiendeleza Strasbourg. Wodini, hata hivyo, mazoea ya daktari ndiyo yaliyoendelea kuamua.

Mabadiliko makubwa yalitokana na uhaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipata streptomisini kidogo mno kwa wagonjwa wake wa kifua kikuu. Mtakwimu Austin Bradford Hill aliona kwamba, kwa kuwa wengi wangeikosa vyovyote vile, kura iamue nani apewe. Majina ya makundi yalifungiwa ndani ya bahasha, na waliosoma picha za eksirei hawakuambiwa nani alidungwa dawa. Baada ya miezi 6, kati ya wagonjwa 55 waliopewa streptomisini walikufa 4. Kati ya 52 waliolazwa kitandani bila dawa walikufa 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948, na yalionyesha pia kuwa dawa hiyo ikitumiwa peke yake vijidudu huwa sugu.

Mwaka 1954 Louis Lasagna alianzisha kitengo cha taaluma hii katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Bado sheria za dawa zilisuasua, mpaka msiba ulipotokea. Thalidomaidi, iliyouzwa Ujerumani Magharibi tangu 1957 kama dawa ya usingizi isiyo na hatari, ilitumiwa na wajawazito, na maelfu ya watoto wakazaliwa na mikono au miguu iliyodumaa. Iliondolewa sokoni huko mwaka 1961. Nchini Marekani Frances Kelsey, wa mamlaka ya serikali ya kuidhinisha dawa, alikuwa amekataa kuiidhinisha akidai ushahidi zaidi. Sheria ya 1962 ikawalazimu watengenezaji kuthibitisha kwamba dawa inafanya kazi.

Afrika Mashariki nayo ilichangia pakubwa. Kuanzia mwaka 1970 hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishirikiana na watafiti wa Uingereza kupima kama matibabu ya kifua kikuu ya miezi 18 yanaweza kufupishwa. Dozi za miezi 6 zenye rifampisini pamoja na isoniazidi na streptomisini ziliwaponya wagonjwa, na waliougua tena walikuwa wachache. Miezi hiyo 6 ndiyo iliyokuja kuwa kipimo cha kawaida cha matibabu duniani.