Kabla Upige kill -9 Kwa Linux, Jua Hizi Ishara 3

Programu ikihang, usikimbilie kuiua. Linux huongea na programu kwa ishara, na kila ishara ina namba yake.

SIGINT (2): Ndio hutumwa ukifinya Ctrl+C. Inaambia programu iwache chenye inafanya.

SIGTERM (15): Ukiandika kill na namba ya prosesi, hii ndio inaenda. Ni kama kuambiwa "funga duka". Programu inapata nafasi ya kuseivu kazi na kufunga mafaili, ama inakukazia tu.

SIGKILL (9): Hii haina story. Programu haiwezi kuikataa, kerneli inaimaliza hapo hapo. Kazi yenye haikuwa imeseiviwa imeenda hivyo.

Kwa hivyo buda, anza na 15, ngoja kiasi. Ikigoma, ndio sasa upige 9.